Koinet Yuko Kazini

Sehemu ya Saba

Tulimwacha Resian na kidole juu ya kipanya, macho kwenye kioo. Jina lilikuwa bado pale.

KOINET. Kando yake, kitone cha kijani. Yuko kazini.

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri, Jumatatu, jua la Kitengela likiyapiga mabati ya jirani mpaka yanalia. Si saa ya mizimu hiyo. Ila Koinet alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Chini ya jina kulikuwa na kitufe kimoja: KATA. Angekibonyeza, kijani kingezimika na mambo yangeisha.

Hakukibonyeza.

Aliyekosa sehemu zilizopita na ashike hapa. Resian ndiye fundi wa kompyuta wa Osupuko, kampuni ya Kajiado mjini inayopima maji ya visima. Mwaka huu kampuni iliachana na ofisi yake ya ghorofani, ikabakiza maabara na chumba kimoja, na wafanyakazi ishirini na wawili wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Resian akapewa jukumu la kuwawekea VPN, ile njia ya siri inayomwingiza mtu kwenye mitambo ya ofisi huku ameketi jikoni kwake, bila mtu wa nje kuchungulia. Wiki mbili simu haikumtoka sikioni. Huyu amesahau neno la siri, yule kompyuta imegoma, mwingine kijani hakitokei.

Koinet, mpimaji wa maji, alikuwa akifanyia kazi kwa mama yake karibu na Mashuuru. Siku moja mchana njia yake ikagoma.

"Resian, imekataa tena," alisema kwenye simu.

"Koinet, nimechoka. Leta hiyo laptop Kajiado nikuangalilie."

"Sawa," akasema Koinet, na simu ikakatika.

Alasiri hiyo hiyo, kwenye barabara ya Mashuuru, pikipiki yake ilikutana na lori la mawe. Watu walisema kila alichobeba kilisagika.

Jioni Resian alichunguza mitambo na kugundua kosa halikuwa la Koinet. Lilikuwa lake yeye, mstari mmoja aliouandika vibaya. Aliurekebisha kwa dakika tano. Mtu alikuwa keshakufa.

Hilo hakumwambia yeyote. Wala hakuwahi kuifunga akaunti ya marehemu, ingawa ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila alipotaka kuifunga, mkono ulikuwa mzito.

Na sasa akaunti ilikuwa imeamka.

Resian alimpigia simu meneja, Bwana Githongo.

"Boss, account ya Koinet iko on."

"Ya nani?"

"Koinet."

"Kwani wewe hukuifunga?"

"Sikuifunga."

"Miezi tatu, Resian."

"Najua."

"Imegusa nini?"

"Hakuna kitu. Nimeangalia rekodi. Inaingia saa tisa na dakika kumi, inakaa saa moja, inatoka. Kila siku ya kazi, tangu wiki ya pili baada ya mazishi. Haifungui faili hata moja. Inakaa tu."

"Wafu hawatumii internet," alisema Githongo, lakini alisema polepole, kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba ni kweli. "Mtu ameokota kitu ya marehemu. Ifunge."

"Nipe mpaka kesho nijue ni nani."

"Kesho saa kumi nikiangalia, isikuwe hapo. Ikikuwa hapo, tutaongea mambo ingine."

Saa kumi na dakika kumi kitone cha kijani kilizimika chenyewe. Resian alibaki akikiangalia kioo kama mtu aliyesindikiza mgeni mpaka getini, akashindwa kurudi ndani.

Asubuhi alimweleza mumewe, na kwamba anakwenda Mashuuru kwa mama yake Koinet.

Oscar alikuwa mchimbaji wa visima. Alikuwa na mitambo miwili ya kuchimba, na hakuna kona ya Kajiado ambayo hakuwahi kuitoboa. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, asiyependa maneno mengi kabla ya chai.

"Unaenda kufanya nini Mashuuru?" aliuliza. "Ifunge tu. Si uko na hiyo uwezo ukiwa hapa?"

"Niko nayo. Lakini nikiifunga bila kujua, sitalala."

"Tangu lini unalala?"

Ni kweli Resian hakuwa akilala.

"Yule mama amezika juzi," Oscar aliendelea. "Unaenda kumuuliza nini? Kama mtoto wake anatuma salamu?"

"Oscar."

"Nauliza tu."

"Leo saa kumi naifunga. Ikifika hiyo saa, iwe nimejua ama sijajua, jina la Koinet halitaingia kwa ofisi tena."

Oscar aliweka kikombe chini. "Saa kumi?"

"Saa kumi."

Aliitikia kwa kichwa, akainuka, akamfungulia geti. "Mimi leo niko Kiserian, kuna pampu nataka kuona," alisema akiinama kwenye dirisha la gari. "Hiyo barabara si nzuri. Enda pole pole."

Resian aliingia barabara kuu. Aliipita Isinya bila kusimama, akafika Kajiado, akakata kushoto kuelekea Mashuuru. Hapo ndipo alipoushika usukani kwa mikono miwili. Hakuwa ameipita barabara hiyo tangu siku ile. Hata mazishini hakwenda. Alituma rambirambi kwa simu, akasema ana homa.

Alijiambia hatatafuta mahali penyewe. Lakini mahali penyewe palimtafuta.

Ilikuwa kona ya kawaida tu, mteremko mdogo, migunga pande zote mbili, mbuzi wakila maganda. Vioo vya taa vilikuwa bado vinametameta kwenye changarawe. Resian alipunguza mwendo, na akasikia ile sauti kwa mara ya mia, si kwenye redio wala nje, ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Sawa.

Hilo tu. Koinet hakulalamika. Laiti angelalamika.

Aliendesha, hakusimama.

Nyumba ya mama yake Koinet ilikuwa ya mawe nusu na mabati nusu, zizi la mbuzi nyuma, kioo cha sola juu ya paa. Zamani majirani walimwita mama huyo Ngoto Koinet, yaani mama yake Koinet. Siku hizi walimwita Yeyo tu, yaani mama. Jina la marehemu halitajwi ovyo huko, hata na wanaokwenda kanisani kila Jumapili. Unamtaja vipi, naye akisikia atageuka?

"Takwenya," Yeyo alimsalimu kwa Kimaa.

"Iko," aliitika Resian, akainamisha kichwa, na mama akakigusa kwa kiganja.

Alikuwa mwanamke mrefu, aliyekonda hivi karibuni. Shanga zake zilikuwa zimempwaya shingoni. Alimkaribisha, akaleta chai ya maziwa matupu, akaketi mbele yake bila haraka.

"Wewe ndiye wa kompyuta," alisema.

"Umejuaje, Yeyo?"

"Yule wetu alikuwa anasema kazini kuna msichana anaongea mbio kama amefukuzwa na ng'ombe. Umesema maneno matatu tu, nimekujua."

Resian alitaka kucheka, akashindwa. Alianza kueleza, akakwama. Angesema nini? Mwanao anaingia ofisini kila alasiri? Alizunguka. Akauliza habari za mbuzi, mvua, kanisa. Mama alijibu yote. Saa ya ukutani ilikuwa ikisonga: saa nane na nusu, saa tisa kasoro.

Saa tisa na dakika tano Yeyo aliinuka, akajitupia shuka begani.

"Sasa tunyamaze," alisema. "Saa yake imefika."

Resian aligeukia saa ya ukutani. "Saa ya nani, Yeyo?"

Mama alikuwa keshaingia chumba cha ndani. Pazia lilitikisika nyuma yake.

Resian alibaki peke yake. Akasikia kiti kikivutwa, kisha kimya. Halafu, kutoka nyuma ya pazia, ikaja sauti aliyoijua kama mlango wa nyumbani kwake: mlio mfupi wa kompyuta ikiamka.

Alilisogelea pazia, akalivuta kwa vidole viwili.

Palikuwa na meza, viti viwili, kitanda kilichotandikwa, koti la maabara jeupe limetundikwa msumarini. Na juu ya meza ilikaa kompyuta ya Koinet, nzima, haina hata mkwaruzo. Ile ambayo kila mtu alisema ilisagwa na lori. Ile ambayo Resian mwenyewe aliiandikia kwenye daftari la vifaa: imeharibika.

Yeyo alikuwa ameketi mbele yake. Kwa kidole kimoja alibonyeza namba nne, mwaka aliomzaa mwanawe. Akasogeza mshale taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, akabonyeza mara moja. Kwenye pembe ya kioo kitone kikageuka kijani.

Kisha akakunja mikono mapajani, akatulia.

Hakuandika kitu. Hakufungua kitu. Aliketi tu, kando ya kiti ambacho hakikuwa na mtu.

"Yeyo," Resian alinong'ona.

"Ongea polepole. Alikuwa anasema kijani kikitokea, mama, usinisemeshe, nimeshafika ofisini." Mama hakugeuza kichwa. "Saa tisa hivi mbuzi wamekunywa maji, mimi naingia kupumzika, yeye anaketi hapa, mimi pale kitandani. Hatusemi kitu. Nilikuwa napenda. Sijui kusoma, lakini namba nazijua, na mahali alikuwa anabonyeza nilikuwa naona. Wiki ya pili nilijaribu. Ikatokea kijani. Nikasema, basi amefika."

Resian aliketi kitandani.

Miezi mitatu. Kampuni ndiyo iliyokuwa ikiulipia mtandao wa nyumba hiyo, na hakuna aliyeusimamisha, kwa sababu mwenye kuusimamisha alikuwa Resian. Yeye ndiye aliyeuacha mlango wazi, na mama wa marehemu akauona, akaingia, akakaa.

Lakini machozi hayakuja bado. Kulikuwa na kitu kigumu zaidi mbele yake, nacho hakingesubiri.

"Yeyo, nisikie. Siku ile, mimi ndiye nilimwita. Alinipigia simu kwamba mashine imekataa. Nikamwambia ailete Kajiado. Nilikuwa nimechoka. Shida haikuwa hata yake, ilikuwa yangu. Kama singemwita, hangekuwa barabarani."

Alisema bila kupumua, mbio, kama aliyefukuzwa na ng'ombe.

Yeyo aligeuka sasa. Alimtazama Resian kwa muda, kisha akaitazama kompyuta, kisha Resian tena.

"Na hii imefikaje hapa?" aliuliza.

"Sijui, Yeyo. Tuliambiwa iliharibika."

"Haikuharibika. Haikutoka kwa hii meza." Mama aliweka kiganja juu ya kompyuta. "Alikuwa anakuletea wewe nini, kama mashine aliiacha hapa?"

Resian aliitazama kompyuta, nzima mezani.

"Alipomaliza kuongea na wewe, alicheka," Yeyo alisema. "Akasema, yule msichana amechoka, nitampelekea kesho. Akaketi, nikampakulia, akala. Alikuwa anakula wakati simu ingine ililia. Hiyo hakucheka. Aliongea kidogo, akaamka, akachukua chupa ya maji kwa friji ya dawa za mbuzi. Ile chupa yao, ya kupima. Nikamuuliza, wapi? Akasema anaenda kukutana na mtu wa ile mitambo ya kuchimba visima. Akasema atarudi kabla mbuzi hawajaingia."

"Mtu gani, Yeyo?"

"Hakusema jina."

Miezi mitatu Resian alikuwa amebeba mtu mgongoni. Sasa aliambiwa mtu huyo hakuwa mzigo wake, na badala ya wepesi alipata baridi. Mwingine alimwita Koinet. Mwingine alijua atapita barabara gani, saa ngapi.

Wachimbaji wa visima ni wengi Kajiado, alijiambia. Ni wengi mno.

"Mwanangu," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umekuja kuizima. Si ndiyo?"

"Wameniambia nifunge saa kumi."

"Hiyo kijani."

"Ndiyo, Yeyo."

"Mimi simsumbui mtu ofisini. Nakaa tu."

Resian alishindwa kumtazama. Alifungua mkoba, akatoa kompyuta yake mwenyewe, akaiunganisha na simu. Alijiambia anaangalia tu. Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini. Orodha ya walio kazini ikafunguka.

Makena. Wanjala. Muthoni. Kisilu.

Koinet.

Koinet.

Alidhani ni macho. Akayasugua, akatazama tena.

Majina mawili. Vitone viwili vya kijani.

"Yeyo," alisema taratibu. "Umebonyeza kitu kingine?"

"Mikono yangu hii hapa."

Kweli mikono ilikuwa mapajani, imekunjwa. Kompyuta mezani ilikuwa imetulia kama jiwe. Lakini kwenye kioo cha Resian, kinachomwonyesha fundi kila anachofanya aliyeingia, Koinet wa pili alikuwa anatembea. Alifungua kabati la mafaili la maabara. Alishuka ngazi kwa ngazi, hakupapasa, hakukosea. Akafika kwenye faili moja, akalifungua.

Kisima 17.

Mama alisogea akachungulia. Aliona mstari mweusi ukienda wenyewe kwenye kioo, herufi zikitokea na kufutika, hakuna mkono. Aliona jina la mwanawe, umbo ambalo alilijua hata bila kusoma.

"Amerudi kazini," alinong'ona.

Resian hakuwa na nguvu ya kumpinga. Kwa pumzi mbili hivi, hata yeye aliamini.

Kisha akasoma.

Kisima 17 kilikuwa cha shule moja ya bweni, kilichochimbwa mwanzoni mwa mwaka, kikafungwa kwa kufuli kikingoja majibu ya maabara. Majibu yalikuwa pale, yamekwama miezi mitatu. Koinet alikuwa ameyaandika wiki ile ya mwisho ya uhai wake. Floridi: 9.4. Chini yake, kwa maneno yake: maji haya yasinywewe na watoto. Kilichokosekana ni kuthibitisha tu, na kwa sheria ya maabara hakuna aliyeweza kuyathibitisha wala kuyagusa isipokuwa aliyeyapima.

Kila mtu wa Kajiado anajua floridi inafanya nini. Meno yanageuka rangi ya kahawa, na ukiendelea kunywa, mifupa inapinda. Ndiyo maana Koinet aliweka chupa ya pili kwenye friji. Alitaka kupima tena ili asimwonee mtu.

Sasa Koinet wa pili aliifuta ile tisa nukta nne.

Akaandika sifuri. Nukta. Tisa. Maji salama.

Akashuka kwenye maneno. Yasinywewe likaondoka herufi moja moja, kutoka nyuma kwenda mbele, kama mtu anayerudi kinyumenyume akifuta nyayo zake.

"Huyo si yeye, Yeyo," Resian alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipovunjika. "Mtoto wako hangefanya hivi."

Mama alikuwa haelewi maandishi, lakini uso wa Resian alikuwa ameusoma wote.

Kwenye kioo kisanduku kidogo kilitokea: THIBITISHA. Mshale ulianza kukielekea, kisha ukarudi juu kusahihisha neno.

Resian alipeleka mkono kwenye KATA, akasita. Wako wawili. Majina yamefanana kama ndama mapacha. Akimkata asiyestahili, atauzima mtandao wa mama huyu mbele ya macho yake, na mwongo atabaki ndani. Ilibidi aangalie namba. Kila mtandao wa nyumbani una namba yake, na zote ishirini na mbili Resian alizipanga mwenyewe.

Koinet wa kwanza: namba ya Mashuuru. Ya chumba hiki.

Koinet wa pili: Kitengela.

Aliisoma mara moja. Hakuhitaji kuisoma tena. Ilikuwa namba aliyoiandika yeye kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya modemu, kwenye rafu ya televisheni, karibu na picha ya harusi.

Ilikuwa nyumba yake.

Na kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo mmoja wa kuingilia, faili dogo ambalo Resian alilitengeneza. Nakala moja ilikaa kwenye kompyuta ya mfanyakazi. Nyingine ilikaa kwenye flashi, ndani ya droo ya kitanda, upande wake wa kulala. Koinet alikuwa na funguo mbili tu duniani. Mmoja ulikuwa umeketi hapa mezani.

Kuna mwizi nyumbani, aliwaza. Alilishika wazo hilo kwa mikono miwili. Mwizi amevunja, ameingia, amepata flashi. Mwizi anayejua Kisima 17.

Alimpigia Oscar.

Simu iliita mara nne.

"Ee, mama," alisema Oscar. "Umefika?"

"Uko wapi?"

"Kiserian. Si nilikuambia? Bado naangalia hii pampu."

"Kuna mtu kwa nyumba yetu."

Mshale kwenye kioo ulisimama.

"Mtu gani?" aliuliza Oscar.

"Sijui. Yuko ndani sahii. Anatumia mtandao yetu."

"Umejuaje na uko Mashuuru?"

"Ni kazi yangu kujua, Oscar."

Mshale ulianza kusogea tena. Haukurudi juu safari hii. Ulishuka moja kwa moja kuelekea kwenye kisanduku.

"Sikiza," Oscar alisema, kwa sauti tulivu, laini, ile anayomtulizia nayo anapoota vibaya. "Usiite polisi kwanza. Mimi nitatoka hapa, nifike nyumbani, niangalie. Inaweza kuwa ni hiyo mitambo yenu inachanganya. Umechoka, Resian. Hujalala. Toka huko kwa huyo mama, uingie kwa gari, uje pole pole. Sawa?"

Yeyo alikuwa amesimama nyuma yake. Mkono wake mkavu ulikuwa begani kwa Resian.

"Sawa," alisema Resian.

Akakibonyeza KATA.

Koinet wa pili alizimika. Kisanduku kikapotea. Kisima 17 kikabaki wazi, nusu kimefutwa, hakijathibitishwa. Kwenye meza kitone cha mama kiliendelea kuwaka, kijani, peke yake.

Na sikioni mwake, kutoka huko alikoita Kiserian, Resian alimsikia mumewe akivuta pumzi kali kupitia meno.

"Ah. Imekatika," alisema Oscar, polepole, kama mtu anayejisemea.

Simu haikuwa imekatika. Alikuwa bado anamsikia akipumua.